Mteja Bora wa Taifa

Nchi ya Adabuni msiitafute kwenye ramani, mtajichosha bure. Iko pale ambapo ramani hukunjwa. Wanaoijua wanaijua, na wasioijua waendelee kulala vizuri.

Adabuni ni nchi yenye staha kuliko zote. Matatizo yake ni machache kwa sababu Wizara ya Maneno Mazuri huyawahi kabla hayajakomaa. Watu walipolalamika njaa, Wizara ilikaa kikao, ikaona kwamba neno njaa ni kali mno kwa masikio ya watoto. Tangu hapo hakuna mwenye njaa Adabuni. Kuna wenye hamu ya chakula, na hamu, kila mtu anajua, ni dalili ya afya. Mashimo ya barabarani yakaitwa vidimbwi vya muda. Vijana wasio na kazi wakaitwa wasubiri, wakapewa na siku yao ya kitaifa, ambayo huadhimishwa kwa kukaa.

Ikabaki aibu moja. Katika kila kichochoro cha mji mkuu walikuwepo vijana waliokonda, wanasinzia wima, viuno vimekunjika, wanaelea kati ya kusimama na kuanguka. Walikuwa wanakula unga, na si unga wa ugali. Watu waliwaita mateja. Siku neno hilo lilipomfikia Waziri wa Maneno Mazuri, Mheshimiwa Fumbuo Lukanga, alishindwa kumaliza chai yake.

"Teja!" alisema bungeni, akilibeba neno kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota soksi isiyo yake. "Ndugu Spika, hawa ni watoto wetu. Neno hili limekatwa kichwa, na kichwa chake ni herufi M. Tulirudishie kichwa chake! Kuanzia leo hakuna teja katika Adabuni. Kuna mteja."

Wabunge walipiga meza mpaka bilauri zikaanguka. Sheria ikapita, pamoja na adhabu kwa yeyote atakayelitamka lile neno lisilo na kichwa. Asubuhi yake hapakuwa na teja hata mmoja nchini, na magazeti yaliandika kwamba hakuna taifa lililowahi kulimaliza tatizo hilo kwa kasi namna ile.

Lakini Mkuu wa Nchi, aitwaye Baba wa Staha, ni mtu wa huruma. Akatoa amri: wateja wote vijana wakusanywe kwa upole, wapelekwe Nyumba za Nafuu, watibiwe, wasitoke mpaka wapone. Askari wakapiga saluti, wakatawanyika mjini kutafuta wateja. Hakuna aliyethubutu kuuliza kama wanaotafutwa ni wale wa vichochoroni, kwa sababu ili uulize ingebidi ulitamke lile neno, na askari wa Adabuni hawavunji sheria.

Mmoja wao alimkuta kijana amekunjika pembeni ya ukuta wa soko.

"Samahani, ndugu. Wewe ni mteja?"

"Mimi teja tu, afande," kijana alijibu, macho nusu wazi.

"Chunga ulimi wako," alisema askari, akapita.

*

Mkwabi Mdoe alikuwa kinyozi katika mtaa wa Mfereji Mkavu, kijana mwenye mdomo mkali na shingo isiyojua kuinama. Hakunywa pombe, hakuvuta, na hata soda aliitazama kwa mashaka. Wateja wake walimpenda kwa wembe wake na walimwogopa kwa maneno yake. Kulikuwa na jambo moja tu ambalo halikutajwa kwenye kibanda chake: mdogo wake, Kibwana, ambaye alikuwa miongoni mwa wale wanaosinzia wima. Mtu akiuliza, "Na yule mdogo wako siku hizi?" Mkwabi aliongeza povu mpaka likafika mdomoni mwa muulizaji.

Maji yalipokatika mtaani, na kukatika kwake kukawa ndiyo desturi, Mkwabi alifunga kibanda akaenda Mamlaka ya Maji kugomba. Mlangoni palikuwa na kibao kikubwa: WATEJA WOTE WAPANGE FOLENI HAPA. Foleni ilizunguka jengo, ikaingia hadi uani kwa jirani. Mkwabi akashika nafasi yake.

Sajini mmoja alikuwa anapita na lori tupu. Akakisoma kibao, akaitazama foleni, akavua kofia.

"Wamejipanga wenyewe," alimnong'oneza mwenzake, macho yamelowa. "Hakika nchi hii ina watu wastaarabu."

Akamwendea Mkwabi, ambaye ndiye aliyeonekana kununa zaidi.

"Kijana, wewe ni mteja?"

"Ndiyo, afande. Tena wa siku nyingi."

"Ulianza lini?"

"Nimezaliwa nikakuta nyumbani tunatumia. Alianza baba, akaendelea mama."

"Familia nzima?"

"Mtaa mzima, afande!"

Sajini akasogea karibu. "Na wewe mwenyewe unatumia kiasi gani?"

"Nikiyapata, ndoo tatu."

"Ndoo?"

"Hizo za asubuhi tu. Bila hayo siwezi kushika wembe. Mikono inakaa bure, kichwa kinaniuma, nagombana na kila mtu. Sasa nimekuja hapa leo, ama wanipe, ama patachimbika."

"Unazungumzia nini hasa, mwanangu?" sajini aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari za msiba.

"Maji, afande! Nazungumzia nini kingine?"

Na kwa kuwa Adabuni, kama kwingine, mlevi husemwa amekula maji, sajini hakuhitaji kuuliza zaidi. Alimshika Mkwabi bega kwa upole uliotajwa kwenye amri, akampandisha lorini. Nyuma yake wakapandishwa wote wa foleni ile walio na umri wa ujana, na wengine wawili waliopakwa ujana ili idadi itimie.

Lori lilipita kwenye kichochoro cha soko. Vijana waliosinzia wima waliinua macho wakalitazama likipita. Mmoja wao alikuwa Kibwana. Alimwona kaka yake kati ya askari, akadhani ni zile ndoto za unga.

*

Nyumba ya Nafuu ya Taifa ilikuwa ghala la pamba zamani, na hadi leo upepo ukivuma wagonjwa hupiga chafya. Ina ukuta mrefu, lango moja la nondo, na vitanda vya chuma vilivyosongamana hivi kwamba ukitaka kugeuka usiku unamwomba ruhusa jirani. Mkuu wake ni Daktari wa Heshima Nyangasi. Udaktari huo alipewa na chuo kikuu kimoja baada ya kukipatia kiwanja, na kwa unyenyekevu wake huutaja mara moja tu katika kila sentensi.

Asubuhi ya kwanza waliketishwa duara. Kila mmoja alipaswa kusimama, ataje jina lake na akiri hali yake, na wenzake wamkaribishe.

"Naitwa Mkwabi," alisema Mkwabi, "na mimi si mteja."

"Karibu, Mkwabi!" duara lilijibu.

"Nimesema si mteja."

"Karibu sana, Mkwabi!"

"Mwanangu," alisema Daktari Nyangasi, "ulipokamatwa ulisema ni mteja, tena wa siku nyingi."

"Mteja wa maji! Maji ya bomba! Ya kunawa!"

"Ni ujasiri mkubwa kuitaja. Wengine huchukua miezi." Akawageukia wasaidizi wake. "Andikeni, kukana. Mimi kama daktari nawaambieni, dalili ya kwanza ya ugonjwa huu ni kukana."

"Basi nanyamaza."

"Kunyamaza ni dalili ya pili."

"Basi nakubali! Ni mteja! Nimekubali, nifungulieni lango."

"Kukubali haraka," alisema Daktari kwa huzuni, "ni ya tatu. Huyu ugonjwa umemkomalia."

Tiba yenyewe ilikuwa rahisi: mgonjwa hutengwa na kile kilichomtesa. Kwa kuwa waliokamatwa wote walikiri maji, walitengwa na maji. Kwa bahati njema bomba la Nyumba ya Nafuu lilikuwa limekatwa kabla wagonjwa hawajafika, kwa hiyo tiba ilianza kabla ya daktari. Kila mtu alipewa kikombe asubuhi na kikombe jioni, "ili mwili usishtuke." Midomo ilipopasuka na watu kuanza kugombania umande kwenye mabati, Daktari Nyangasi alipita na wageni akiwaonyesha. "Mnaona? Hii ndiyo arosto, yale mateso ya mwili unaonyimwa ulichokizoea. Itapita."

Jirani wa Mkwabi kitandani alikuwa Dosa, muuza chipsi, mtu mfupi mwenye maneno marefu.

"Wewe afadhali una bomba," Dosa alimwambia. "Mimi kwetu hata bomba hatuna. Nilikwenda pale kumshikia foleni shangazi. Nimefungwa kwa niaba, kaka. Shangazi akija kunitembelea ananiambia, 'Vumilia, mwanangu, uache tu.' Niache nini? Niache foleni?"

"Humwambii?"

"Nimemwambia. Analia. Anasema ndivyo wanavyosema wote."

Hilo ndilo lililomwingia Mkwabi kama kibanzi chini ya ukucha. Ukuta aliuzoea, na utani wa lango wa kutofunguka aliuzoea pia. Lakini maneno! Alikuwa mtu wa maneno, alizoea kumnyamazisha mtu yeyote kwenye kiti chake, na humu kila alichosema kiligeuka kikamfungia mlango kutoka upande wa pili. Akigomba, ni ugonjwa. Akitulia, ni ugonjwa umejificha. Akicheka, dawa gani tena kaingiziwa? Alfajiri moja aliota bomba linamwagika, akainama kunywa, akaamka amejawa na aibu, akatazama huku na huku kama mtu mwenye jambo la kuficha. Hapo ndipo alipoogopa kwa mara ya kwanza.

*

Siku hiyo hiyo alikuwa anafagia karibu na lango alipomsikia mlinzi, Afande Chogo, akibishana na mtu.

"Nimekuja kutibiwa," mtu alisema.

Mkwabi akaacha kufagia. Sauti ile angeitambua hata kaburini. Nje ya nondo alisimama Kibwana, shati limemning'inia kama liko kwenye msumari, anatetemeka, jasho linamtoka kwenye kivuli.

"Wewe ni nani?" Afande Chogo aliuliza.

"Teja, afande. Nimechoka. Nataka kuacha."

"Hilo ni tusi. Sema vizuri."

"Haya, mteja."

"Mteja wa nini?"

"Wa unga."

"Unga wa wapi? Una duka? Mita yako namba ngapi?"

"Mita ya nini, afande? Naumwa. Tumbo linanikata."

"Hapa wanaingia wateja waliosajiliwa. Humo ndani kila mtu ana mita, na asiye nayo ana shangazi mwenye mita. Wewe huna mita, huna shangazi, una tusi tu. Toka kivulini mwangu."

"Kibwana!" Mkwabi aliita.

Kibwana alishika nondo. Walitazamana. Miaka mingi hawakuwa wametazamana hivyo, ana kwa ana, bila mmoja kugeuza uso.

"Kaka. Kumbe siyo ndoto."

"Nani kakuleta?"

"Nimekuja mwenyewe. Tangu jana sijala kitu. Nilisema nikitembea mpaka hapa bila kugeuka, nitaweza." Meno yalikuwa yanagongana. "Lakini nikirudi pale sokoni, kaka, sitakuja tena. Najijua."

Mkwabi naye alimjua. Mara zote mama yao, Bi Mwanahawa, alipombembeleza mtoto huyu aache, mtoto alijibu "kesho." Leo kesho ilikuwa imefika langoni kwa miguu yake, na Afande Chogo alikuwa anaifukuza kwa kirungu.

"Kaa hapo ukutani," alimwambia. "Usiondoke. Umenisikia? Usiondoke."

Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Daktari Nyangasi bila kubisha hodi.

"Daktari, langoni kuna mgonjwa."

"Wagonjwa wako ndani, mwanangu. Langoni kuna lango."

"Mpeni kitanda changu. Mimi nitalala sakafuni, nitalala kwenye mti, nitalala wima. Mpeni kitanda."

"Mimi kama daktari naguswa na moyo wako. Lakini kitanda hakiachwi mpaka mwenye nacho apone. Ni sheria."

"Na anayepona anajulikanaje?"

"Kwa ushuhuda." Daktari aliweka kalamu chini, akaonyesha meno yote. "Ushuhuda wa kweli, wenye mwanzo, anguko na machozi. Alasiri hii Mheshimiwa Waziri anakuja, na mpaka sasa sina ushuhuda hata mmoja. Yule Dosa alianza vizuri, 'Nilianza na kikombe,' halafu akacheka. Nipe ushuhuda, na leo hii kitanda chako ni cha mtu mwingine."

Mkwabi alisimama pale, na shingo yake isiyojua kuinama ilimuuma kana kwamba mtu ameikalia. Kukubali mbele ya mji mzima kwamba alikuwa mlevi, yeye! Wateja wake wangesikia, na mama yake, na wale wote aliowahi kuwapaka povu mdomoni.

"Vipaza sauti vitafika nje?" aliuliza.

"Mpaka barabarani."

"Haya. Nitasema."

*

Mheshimiwa Fumbuo Lukanga alikuja na msafara, bendi, na mtu maalumu wa kumshikia leso. Alihutubia kwanza.

"Ndugu wateja! Wapo wasemao kwamba serikali yenu inabadili maneno na kuacha mambo. Nawauliza: jambo bila neno liko wapi? Nionyesheni! Nimelitafuta mimi mwenyewe, sikuliona. Taifa letu linasimama juu ya miguu miwili. Wa kwanza ni staha." Akanywa maji, bilauri nzima, mbele ya watu mia wenye midomo iliyopasuka. "Wa pili mtaambiwa."

Bendi ikapiga. Mkwabi akapandishwa jukwaani, akashikishwa kipaza sauti.

Hakuwa na lolote la kusimulia kuhusu yeye. Alijua maisha ya mtu mmoja tu aliyeanguka, na aliyajua yote, kwa sababu hakuna anayemwona mtu vizuri kama yule anayejifanya hamwoni.

"Naitwa Mkwabi," alisema. "Mimi ni mteja."

Akasimulia. Alisema alivyoanza akiwa shuleni, kwa kuonjeshwa na rafiki aliyemwita shujaa. Alisema alivyouza cherehani ya mama yake, halafu mlango wa chooni, mpaka mama akawa analala na mfuniko wa sufuria chini ya mto ili angalau pabaki kitu cha kufunikia maharage. Alisema alivyokuwa akija nyumbani saa ya chakula, anakaa karibu na mlango, nusu ya mwili nje, ili wakimfukuza isiwe kazi kubwa, na mama hakumfukuza hata siku moja, bali alikuwa anampakulia wa kwanza ili asiwaone wenzake wakisitasita.

"Nina ndugu yangu kinyozi," alisema, na sauti ikakwaruza. "Siku moja nilikwenda kwake. Nilitaka anione nimejitahidi, nilikuwa nimeoga. Nikakaa kwenye kiti. Kibanda kilijaa watu. Alininyoa kimya, vizuri kabisa, hakunikata hata kidogo, wala hakutaja jina langu. Aliponimaliza alikung'uta kitambaa akasema, 'Haya, mteja mwingine.' Nikaondoka. Siku hiyo nilikula unga mara mbili."

Hata bendi iliweka matarumbeta chini. Mkwabi alikuwa analia, bila kusaidiwa na mtu, na shingo ilikuwa imeinama mpaka kidevu kikagusa kifua.

Mheshimiwa Waziri alinyoosha mkono kwa mshika leso. Leso ya kwanza haikutosha. Akasimama.

"Wananchi!" alisema. "Nimesikia hotuba nyingi, nyingi zikiwa zangu. Sijasikia kitu kama hiki. Kijana huyu amepona!"

"Amepona!" umati ukajibu. Mkwabi akafuta uso, akatazama lango.

"Na kwa kuwa amepona kiasi hiki," Waziri aliendelea, "je, tumwachie tu apotee mitaani kama mtu yeyote? Hapana! Hazina ya taifa haitupwi nje. Namtangaza kuwa Mteja Bora wa Taifa. Atakaa hapa hapa. Kitanda chake kitazungushiwa kamba ya dhahabu. Kila ujumbe wa kigeni utakaokuja utamsikiliza, mwaka huu na miaka ijayo, na vijana watajifunza kwake namna ya kupona."

Makofi yalilipuka. Mkwabi aliruka kwenye kipaza sauti.

"Ni uongo! Sijawahi kuonja chochote! Yale ni maisha ya mdogo wangu, yuko langoni, anakufa, mpeni kitanda!"

Umati ukashusha pumzi kwa pamoja. Daktari Nyangasi akamwinamia Waziri sikioni, lakini kipaza sauti kilikuwa bado wazi.

"Kukana, Mheshimiwa. Amerudia."

"Mbele yetu hivi hivi?"

"Ndivyo ulivyo ugonjwa huu. Ndiyo maana hatuwezi kumwachia."

Waziri alitikisa kichwa kwa kuvutiwa. "Kupona na kuugua tena kwa dakika moja! Wageni watakipenda kipengele hicho. Msikiondoe."

*

Mkwabi alipofika langoni, Kibwana alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, magoti kifuani. Afande Chogo alisimama mbali kidogo, anajishughulisha na kirungu chake.

"Ulijua yote yale?" Kibwana aliuliza bila kuinua uso. "Mfuniko wa sufuria?"

"Nilijua."

"Na ile siku ya kunyolewa."

"Nilijua, Kibwana."

"Mimi nilidhani hukunitambua. Miaka yote nimekuwa nikijiambia, kaka hakunitambua tu, nilikuwa nimekonda." Alitapika pembeni, akafuta mdomo kwa mkono. "Nikajiambia siku nikinenepa atanitambua."

Mkwabi alipiga magoti, akapitisha mkono kati ya nondo, akamshika kisogoni. Kichwa kilikuwa cha moto.

"Hawakupi kitanda," alisema. "Nimeharibu. Nimesema vizuri mno."

"Nimesikia."

"Basi kaa hapa hapa. Mimi siwezi kutoka, wewe huwezi kuingia. Tutaonana hapa."

Mteja Bora wa Taifa, kwa mujibu wa hadhi yake, alikuwa na haki ya blanketi jipya, uji wa maziwa, mayai, na ndoo nzima ya maji, ili awe na nguvu za kusimulia. Vyote hivyo vilipita kati ya nondo. Blanketi lilipita kwa kusokotwa. Uji ulipita kijiko kwa kijiko. Kibwana alipolia kwamba mifupa inawaka, Mkwabi alilowanisha taulo akamkanda mgongo kupitia nondo, bega lake mwenyewe limebanwa kwenye chuma mpaka likachubuka. Kibwana aliposimama aende sokoni, Mkwabi alimshika shati.

"Niache, kaka! Niache nikapate kidogo tu!"

"Sikuachi."

"Wewe ni nani wa kunishika? Wewe umefungwa!"

"Ndiyo maana sina pa kwenda. Gomba."

Aligomba, alitukana, aliuma mkono. Dosa alikuja akashika upande wa pili wa shati. "Ndugu," alimwambia, "mimi nimefungwa kwa sababu ya shangazi, nina hasira za kutosha, huwezi kunishinda." Wengine wakaanza kuleta vikombe vyao vya jioni. Hata Afande Chogo ikatokea siku akasahau mwavuli wake nje kwenye jua, akausahau juu ya kichwa cha Kibwana, na jioni alipouona akajishangaa kwa sauti kubwa.

Wizara ilipopata taarifa kwamba Mteja Bora anashinda langoni, iliingiwa na hofu kwamba ataibwa na nchi jirani. Ikatuma mafundi, wakalichomelea lango lisifunguke tena. Vyakula vikawa vinapitishwa juu ya ukuta kwa kamba, na Daktari Nyangasi naye, aliyekuwa ndani wakati mafundi wanafanya kazi, akawa anapandishwa na kushushwa kwa kamba hiyo hiyo, akieleza kila mara kwamba yeye kama daktari anashuka.

Taratibu kutetemeka kulipungua. Siku moja Kibwana alikula yai lote likakaa. Siku nyingine alicheka kitu alichosema Dosa. Akalala, usingizi wa kulala na siyo wa kusinzia. Taarifa za Nyumba ya Nafuu za kipindi hicho zinaonyesha kwamba hakupona mtu yeyote, na ni za kweli, kwa kuwa zinahesabu walio ndani.

Kisha Kibwana akarudi nyumbani kwa Bi Mwanahawa, akafungua kibanda cha kaka yake, na kila alasiri akawa anakuja langoni. Sokoni hapiti, anazunguka njia ndefu, na husema ataizunguka maisha yake yote ikibidi. Alasiri moja alikuja na shati safi, mashavu yamejaa kidogo. Akachuchumaa mbele ya nondo.

"Mama anakusalimu. Anauliza unatoka lini."

"Nikipona," alisema Mkwabi.

"Ukipona nini, kaka?"

Ndani kengele ikalia. Vipaza sauti vikatangaza kwamba ujumbe wa nchi saba umewasili, umeshashushwa kwa kamba wote salama, na Mteja Bora anahitajika jukwaani.

"Nenda," Kibwana alisema. "Wanakungoja. Lakini pale kwenye cherehani, huwa unaruka kitu."

"Nimeruka nini?"

"Redio. Ile ya marehemu baba. Niliuza redio kwanza, mama akasema imeibiwa na mwizi wa mtaani, hakutaka ujue." Alikwangua kutu kwenye nondo kwa ukucha. "Kama unasema, sema yote."

Mkwabi akaondoka kwenda jukwaani. Kibwana hakwenda kibandani. Alikaa palepale nje, mgongo kwenye nondo, akasikiliza. Siku hiyo redio ikaongezwa, na inasemekana wageni walilia mpaka Wizara ikaagiza leso nyingine.